Ficha sababu, usifiche tukio

Ndugu yangu, umesema wasomaji wawili wa hadithi yako hawakujua hata nani kafa, nawe unaogopa ukieleza utaua fumbo. Hapo umechanganya mambo mawili. Nani, wapi, nini kimetokea: hayo yaseme waziwazi, tena mapema. Cha kuficha ni kwa nini.

Tazama kanga. Ina pindo, mji na jina, na jina, yaani ule msemo wake, limechapwa kwa herufi kubwa. Hata mtoto wa darasa la pili analisoma. Fumbo haliko kwenye herufi. Liko kwa aliyeivaa, siku aliyoivaa, na mlango wa nani kaupita akiwa nayo. Jirani anaelewa, mgeni anaona nguo nzuri, na hakuna aliyeona nusu kitu.

Basi mjane wa hadithi yako afue shati la marehemu kila Ijumaa, alianike, alikunje. Usituambie anajilaumu. Ila tujue shati ni la nani! (Mimi niliwahi kuficha hilo pia, nikidhani ni ufundi.) Kisha mpe mtu asome, akusimulie. Akikosea tukio, rudi ukarekebishe. Mkitofautiana kuhusu kwa nini mjane anafua, mwache tu.