Ukifuata mapazia Guangzhou, beba siku za kutosha

Wiki iliyopita binti mmoja alinitumia ujumbe: “Shikamoo dada. Nakufuatilia siku nyingi. Nimejichanga mpaka nimefikisha milioni 12, mwezi wa tatu naenda China kuchukua vitambaa vya mapazia. Nakaa siku 7. Naomba unipe machimbo tu, mengine nitayajulia huko huko.”

Marahaba mdogo wangu. Machimbo, yaani sehemu za kuchukulia mzigo, nitakupa, yako mwishoni. Lakini hizo siku 7 zimeninyima usingizi, na najua wapo wengi wanaopanga kama wewe, kwa hiyo naomba mnisikilize wote.

Mwaka 2018 niliondoka Dar na siku 9. Ukitoa safari ya kwenda na kurudi kupitia Addis Ababa, zilibaki 7 kama zako. Nilikuwa na fremu Kariakoo, mkopo wa VICOBA, na namba ya dada mmoja wa kwetu aliyekuwa akiishi Guangzhou na kufanya ukalimani. Alinipokea uwanja wa ndege akanikumbatia, akaniita mdogo wangu, na kuanzia hapo nikamwachia kila kitu: hoteli, chakula, bei, maneno yote. Sikujua kuhesabu hata moja mpaka tatu kwa Kichina. Sikuona haja. Si nina mtu?

Akanipeleka Zhongda, soko la vitambaa lililoko wilaya ya Haizhu, jirani na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Ni majengo juu ya majengo, na ndani ya kila chumba ni kitambaa. Nje vijana wanapita na baiskeli za matairi matatu zimebebeshwa majora mpaka dereva haonekani, wanapiga honi na kupiga kelele upishe njia. Siku ya pili nikaona kijivu kimoja, kizito, kinang'aa kidogo kama fedha. Moyo ukatulia. Nikaagiza majora 64.

Nikamuuliza mama mwenye duka, kwa ishara, siku ngapi mzigo utakuwa tayari. Mkalimani alikuwa nje anaongea na simu. Yule mama akainua mkono mmoja, kidole gumba na cha shahada vimeachana, vingine amevikunja. Vidole viwili. Siku mbili! Nikafurahi sana, nikaona kweli Wachina ni watu wa kazi.

Siku mbili zikapita, tukarudi, mzigo hamna. Nikaanza kupaniki maana tiketi iko mkononi. Mkalimani akaongea naye muda mrefu, mara wanacheka, mara yule mama anatikisa kichwa. Mwisho akaniambia sentensi moja: “Wamekubali watakutolea ulioko stoo, namba ya rangi ni ile ile.” Nikamshukuru Mungu, nikalipa. Kesho yake nikaenda stoo ya wakala wa usafirishaji, nikahesabu majora 64 yamefungwa nailoni, nikapanda ndege.

Mzigo ulifika baada ya miezi miwili na ushee. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama wa Tabata, madirisha manne, sebule mpya. Fundi akashona, akaenda kutundika jioni, taa zikawashwa, watu wakasifu. Asubuhi saa mbili akanipigia: “Hebu njoo uone.” Nilipoingia jua lilikuwa linapiga dirisha la mashariki. Mapande mawili yalikuwa kijivu nilichokinunua. La tatu lilikuwa limeingia ubuluu, kama shuka jeupe lililozidishiwa buluu ya kufulia. Yule mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kochi lake jipya akaniangalia, na bora angenigombeza.

Mpaka mwezi unaisha nilikuwa nimerudisha pesa za watu 11. Kitambaa kilichobaki nilikikata vipande nikakiuza kwa hasara. Fremu niliirudisha. Marejesho ya VICOBA niliyalipa kwa kuuza chapati na maharage, mwaka mzima. Baadaye nikaja kusikia kwa wengine kwamba yule mkalimani alikuwa anakula cha juu kwenye kila mita. Pesa ilishapita, nimeisamehe. Ila kuniita mdogo wake huku ananihesabia, hilo mpaka leo halijanitoka.

Machi 2019 nikarudi. Wengi waliniona nimechanganyikiwa. Nilikuwa na mtaji kidogo kuliko wa kwanza, lakini nilikuwa na siku 28, na kwenye begi nilibeba vipande viwili vya kile kitambaa, cha kijivu na cha ubuluu. Kusema kweli nilikwenda nikiwa na hasira, nataka yule mama aniangalie usoni.

Nikapanga chumba Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, kwa bibi mmoja wa Kichina. (Ukifikia hotelini wao wanakuandikisha, ukifikia kwa mtu au ukipanga, ni lazima ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Usipuuzie.) Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta sakafu inatiririka maji. Kuta zinatoa jasho, kioo kinatoa jasho, nguo nilizoanika jana yake mbichi kuliko nilivyozianika. Mimi mtoto wa Tanga najua joto la bahari, nikafungua madirisha yote hewa ipite. Bibi akaja mbio na ndala zake akayafunga moja baada ya jingine, ananisemesha kwa ukali kama mama mkwe. Kumbe mwezi wa tatu upepo wa unyevu unatoka kusini unakuta nyumba bado zina ubaridi wa miezi ya nyuma, na maji yanajikusanya ukutani kama kwenye chupa ya soda ya baridi. Wanaita huinantian. Ukifungua dirisha ndiyo umeyakaribisha. Mwaka uliotangulia nilikaa siku 7 na mambo kama haya hayakunifikia, maana nilikuwa natoka hotelini naingia kwenye gari.

Nikaanza kuutembea mji kwa miguu yangu. Barabarani kulikuwa na miti mirefu isiyo na majani, imejaa maua mekundu makubwa kama vikombe. Maua yanadondoka mazima, pu, unasikia kabisa. Nikaangalia lile shina nikajua huyu ni ndugu wa msufi wetu, na kweli ana sufi ndani ya matunda yake. Kwao ndilo ua la mji. Vikongwe wanayaokota, wanayaanika juu ya magazeti kando ya njia, wanachemshia supu na chai ya dawa. Nilisimama pale nikawakumbuka bibi zangu waliokuwa wakishindilia mito ya sufi, na kwa mara ya kwanza ule mji ukanikalia vizuri moyoni.

Siku ya tatu ndiyo nikaenda dukani. Nilifika saa saba mchana nikakuta taa zimezimwa. Katikati ya majora kuna kitanda cha kukunja, mama mwenye duka amelala, amejifunika kitambaa cha sampuli. Duka la jirani hivyo hivyo. Mchana watu wanalala baada ya kula, na ukimwamsha mtu kuuliza bei utapewa bei ya usingizi. Nikakaa kwenye kistuli nikasubiri.

Alipoamka nikamwekea vile vipande viwili mezani. Akavichukua, akavipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akavigeuza nyuma na mbele. Hakuna aliyehitaji mkalimani pale. Akaenda akaleta daftari, akafunua kurasa, akanionyesha oda yangu ya mwaka uliopita. Kisha akainua mkono: gumba na shahada, ile ile ishara. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, “Ndiyo, siku mbili uliniambia!”

Binti yake wa miaka kama saba alikuwa anafanya kazi za shule juu ya jora. Akashuka, akaja mbele yangu, akaanza kunihesabia kwa mkono mmoja. Moja mpaka tano kama sisi. Sita, gumba na kidole kidogo. Saba, ncha za vidole vitatu zimekutana. Nane, gumba na shahada vimeachana.

Nane.

Nilikaa chini. Mwaka mzima nilikuwa nimemlaani yule mama kwenye swala zangu. Aliniambia siku nane, na siku nane ndizo zilizohitajika, maana kitambaa kinapikwa rangi kwenye pipa kubwa la kiwandani, na kila pipa linachanganywa upya. Namba ya rangi ni moja, lakini pipa la leo na la wiki ijayo hayatoki sawasawa. Oda yangu ilitakiwa ipikwe pipa moja. Mimi kwa haraka yangu nikalazimisha kilichopo stoo, wakanikusanyia mabaki ya mapipa mawili matatu. Na kila jora lilikuwa na kikaratasi chenye namba ya pipa lake! Nilivihesabu vile vikaratasi mimi mwenyewe kwenye stoo ya wakala, nikadhani ni namba za kuhesabia mzigo.

Nikaagiza majora 15 tu. Siku nane nilikwenda pale kila siku. Nikajifunza kuhesabu, nikajifunza kusema tong yi gang, yaani pipa moja, nikajifunza kwamba maji ya kunywa huko ni ya moto na hakuna anayekupa ya baridi. Jumapili yule mama wa duka akanichukua, pamoja na mama yake mzazi, kwenda kunywa chai ya asubuhi, na huko chai ya asubuhi ni saa mbili nzima za kukaa. Wanasuuza vikombe na bakuli kwa chai ya moto kwanza, wanamwaga, ndipo wanaanza. Ukimiminiwa, unagonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo asante yako. Birika likiisha unaliacha kifuniko upande, mhudumu anaona mwenyewe. Nilikuwa nimewaonyesha kwenye simu kwamba sili nguruwe, na nilikuwa na wasiwasi na vile vitu vyote vya kwenye vikapu vya mianzi. Yule bibi akasogeza kikapu kimoja mbele yangu, akafunua mvuke ukatoka: viazi vitamu, mahindi na karanga za kuchemsha. Chakula cha nyumbani kwetu Muheza, kwenye kikapu cha Guangzhou. Nilishindwa kuongea.

Ijumaa nilikuwa nakwenda kuswali Xianxian, msikiti wenye kaburi wanalolinasibisha na sahaba Sa'ad bin Abi Waqqas. Nje baada ya swala kuna mishkaki ya kondoo na mikate ya tanuri, na unakutana na watu wa kila nchi. Nilipata mawaidha ya biashara pale kwenye foleni ya mishkaki kuliko niliyoyalipia kwa mkalimani.

Wadogo zangu, nasema haya kwa uchungu. Mnatafuta machimbo kana kwamba duka ndilo linaleta faida. Duka lile lile lililoniangusha ndilo lililoniinua. Nimerudi kwake mpaka mipaka ilipofungwa mwaka 2020, nikarudi tena ilipofunguliwa 2023, na leo nina fremu mbili na mafundi wanne. Kilichobadilika ni siku. Kaa. Ukifika, usinunue siku tatu za kwanza, kaa uangalie. Ukishaagiza, kaa mpaka uone mzigo wako. Usiruhusu tiketi ya ndege ikununulie mzigo. Na jifunzeni kuhesabu jamani, kabla ya visa, kabla ya dola.

Mengine ni madogo. WhatsApp na Google huko vimefungwa, kwa hiyo weka WeChat ya kuchatia mapema, na uunganishe kadi yako ya benki kwenye Alipay au WeChat, ndizo za kulipia kwa simu, ukiwa bado nyumbani, maana hata muuza ndizi anataka uskani. Usiende karibu na Mwaka Mpya wa Kichina, viwanda vinafungwa kwa wiki kadhaa. Ukitaka maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya hapo Guangzhou, yako mara mbili kwa mwaka, masika yanaanza Aprili na vuli Oktoba, na vitambaa vya nyumbani viko awamu ya tatu. Maandishi ya chakula cha halali ni haya mawili, 清真, yapige picha.

Sasa machimbo yako, mdogo wangu. Panda metro mstari namba 8, shuka kituo cha Sun Yat-sen University, ukitoka uliza Zhongda. Mchana waache walale. Ukipenda rangi, omba kipande cha sampuli, kipeleke mlangoni kwenye jua, kisha sema tong yi gang. Mzigo ukija, soma kikaratasi cha kila jora, kila kimoja, namba ya pipa ifanane. Na tiketi, kama hujailipia, weka siku 21. Kama umeshalipia, niandikie tarehe leo hii tuangalie kubadilisha ni shilingi ngapi.