Nianze na ipi, mimi na mwanangu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mgane, naishi Mwanza na mwanangu wa kiume wa miaka 13. Mama yake alifariki mwaka juzi. Kijana amezipenda tamthilia za Star Trek, zile za safari za anga za juu, na anataka tuziangalie pamoja, ila ziko nyingi na mimi sijui pa kuanzia. Kaka yangu anasema tuanze na ile ya 1966. Wewe unaonaje?
Baba wa Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kaka yako hajakosea, ile ya 1966 ndiyo iliyozaa nyingine zote. Lakini kwa nyumba yako mimi nasema anzeni na Deep Space Nine, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia Januari 1993 hadi Juni 1999, misimu 7. Mtaielewa hata kama hamjaona zilizotangulia.

Sababu yangu kubwa ni kwamba Benjamin Sisko, mhusika mkuu, naye ni mgane. Dakika za mwanzo kabisa chombo chao kinashambuliwa, mkewe Jennifer anafia humo, naye anaondolewa kwa kuvutwa. Anabaki na mtoto wao, Jake. Miaka mitatu baadaye anapangiwa kazi kwenye kituo cha anga kilichochakaa, karibu na sayari ya Bajor, ambayo ndiyo kwanza imetoka kwenye utawala wa mabavu. Hataki kwenda. Anamwambia mkubwa wake waziwazi kwamba ana mtoto anayemlea peke yake na kwamba pale hapafai. Hapo utamwelewa kuliko mimi.

Wapo wanaoikwepa kwa kuwa kituo hakisafiri. Mimi hapo ndipo ninapoipendea. Enterprise, chombo cha anga cha ile ya 1966, ikivuruga mambo kwenye sayari fulani, wiki inayofuata iko kwingine. Sisko akivuruga, kesho yake walioathirika wako mlangoni kwake. Kijana akidai mapambano, mwambie avute subira: chombo cha kivita, Defiant, kinafika msimu wa 3.

Msimu huohuo tafuteni sehemu iitwayo Explorers. Sisko anaunda kwa mikono yake chombo cha anga cha Wabajor wa kale, chenye tanga linalosukumwa na mwanga wa jua, kisha anasafiri na Jake, wawili peke yao. Humo Jake anamwonyesha baba yake hadithi aliyoiandika, anamwambia amepata nafasi ya kusomea uandishi New Zealand, na bado anapata muda wa kumtafutia mchumba, nahodha wa meli ya mizigo! Jake hataki kazi ya baba yake, na baba anakubali bila kinyongo. Mwanao akiuliza kama mwanga wa jua unaweza kweli kusukuma tanga, mwambie ndiyo. Mwanga hauna uzito lakini unasukuma kidogo sana kila unapogonga kitu, na huko juu hakuna hewa ya kuuzuia mwendo huo. Mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, chombo chenye tanga la mita 14 kwa 14, jembamba kuliko unywele, na likafanya kazi.

Avery Brooks, aliyeigiza Sisko, aliubeba ubaba huo kwa moyo wote. Sitakusimulia mwisho, ila alipoona ulivyoandikwa ungemwonyesha baba mweusi akimtelekeza mke mjamzito, aliomba maneno yabadilishwe. Yakabadilishwa.

Naomba kitu kimoja tu. Msimu wa 4 kuna sehemu iitwayo The Visitor: Sisko anatoweka kwenye ajali mbele ya macho ya Jake, na mtoto anazeeka akitafuta njia ya kumrudisha. Kwangu ndiyo bora kuliko zote. Itazame kwanza wewe, peke yako, kijana akiwa shuleni, halafu uamue kama ameshakuwa tayari.