Tumpeleke mama kwenye makao ya kifahari?

SWALI: Shangazi, mama yetu ana miaka 78 na nguvu bado anazo. Tumetembelea makao ya wazee ya hali ya juu: bwawa la kuogelea, maktaba, bustani nzuri. Mwenyewe amepapenda, ila mimi roho inasita. Unaonaje?

JIBU: Mwanangu, marehemu baba yangu aliishi mahali pa namna hiyo miaka minne. Alipata wenzake wa kucheza nao karata, akaanza tena kunyoa ndevu kila asubuhi. Upweke ulimtoka, na hilo si jambo dogo hata kidogo.

Bwawa, hakuligusa. Alichohitaji ni mtu wa kumshika mkono akienda msalani saa nane usiku, na kuna usiku alibonyeza kengele akangoja mpaka akajikokota peke yake, akaanguka. Kwa hiyo rudini huko usiku, au Jumapili, mkahesabu wahudumu walio zamu. Waulizeni wana muda gani kazini. Wanaobadilika kila mara hawawezi kumjua mzee.

Halafu mkataba. Ada ya kuingia inarudishwa kiasi gani akihama au akifariki? Ya mwezi hupandishwa vipi? Kuogeshwa, kuvishwa na kupewa dawa mara nyingi hulipiwa kando. Na kumbukumbu zikianza kumpotea, atabaki hapo au ataambiwa ahame? Hili lazima mlipate kwa maandishi.

Mimi ningeomba akae kwanza mwezi mmoja wa majaribio. Nyumba yake msiiuze bado.