Vyumba vya kupangisha au hisa?

Dada yangu, umesema una milioni 30 za kiinua mgongo, unataka kujenga vyumba vya kupangisha Pasua, Moshi, ila kaka yako anakushawishi ununue hisa.

Mimi nina vyumba vinne Sakina, Arusha. Mpangaji akilipa miezi sita kwa mkupuo, raha. Lakini mwaka jana viwili vilikaa tupu miezi mitatu, shimo la choo likajaa, na mmoja akahama usiku na deni la maji. Hisa hazina usumbufu huo. Ila gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, kwa kawaida huja mara moja kwa mwaka, na mwaka mbaya haliji kabisa, kwa hiyo ada ya Januari usiitegemeze hapo.

Ninachokuhofia zaidi ni boma, yaani nyumba isiyomalizika. Hela zikiishia kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, huna kodi wala akiba. Kama kiwanja huna bado, nakusihi weka sehemu kubwa kwenye hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, ambazo hulipa riba kila miezi sita, na kiasi kidogo kwenye hisa kupitia dalali mwenye leseni. Kiwanja unacho? Anza na vyumba viwili tu, vimalizike mpaka choo.