Cha moyo na cha msikiti

Kila Ramadhani ikienda ukingoni, Zanzibar huwa tuna ugomvi wetu wa mwezi. Kuna wanaosubiri tangazo la Ofisi ya Mufti, na kuna wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani. Asubuhi yake utaikuta nyumba moja mtu anakunywa chai na mkate wa kumimina, nduguye bado amefunga. Hapo ndipo vijana huanza kunijia na maneno yao, watoto wa kaka zangu wakiwa wa mwanzo: "Shangazi, mimi nimechoka. Mungu wangu ninaye moyoni, ya misikiti nawaachia wenyewe."

Siwakemei. Wengi wao si wavivu wa sala. Wanachokikimbia ni kamati inayogombania fedha za mazulia, ubishi wa tarawehe, sala ya usiku wa Ramadhani, iwe rakaa 8 au 20, na wale wenye kazi ya kuangalia nani kaja na nani hakuonekana. Mimi mwenyewe niliiacha darsa moja, somo la dini la wanawake, mtaani kwetu kwa sababu nusu ya wakati ilikuwa ya kuwasema wasiokuwepo. Wala sikujuta.

Ila katika hili mwanamke wa Unguja wa umri wangu ana la kusema. Sisi hatukulelewa msikitini. Adhana ikilia, wanaume walitoka. Mama alitandika msala wake chumbani, nasi watoto wa kike nyuma yake. Sehemu kubwa ya dini yangu imepita ndani ya chumba, mlango umefungwa. Kwa hiyo mtu akinisifia imani ya faragha hanipi habari mpya. Naijua, na najua pia kwamba haikujileta yenyewe.

Uradi, yaani dua na dhikiri za kila siku, aliokuwa akiusoma mama baada ya isha, ambao nami nausoma mpaka leo, ni Ratibu ya Haddad. Mtungaji wake ni Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720. Ulifikaje chumbani kwetu? Uliletwa na watu waliovuka bahari, ukafundishwa katika vyuo vya Kurani, ukasomwa kwa sauti misikitini na majumbani mpaka hata asiyejua kusoma akaushika. Dhikiri ya Kadiria, moja ya twarika za Kisufi, ni vivyo hivyo: aliyeieneza sana hapa ni Sheikh Uwais wa Barawa, miaka ya 1880, na imeshikiliwa na halaka za watu tangu hapo. Maneno ninayomlilia Mungu nayo saa tisa za usiku, peke yangu, nimepewa na kundi la watu, baadhi yao wagomvi, na mwalimu mmoja wa chuo aliyekuwa hatengani na bakora yake.

Tazama na tarawehe, ibada ambayo hata hawa waliochoka hawaikosi. Mtume aliisali msikitini kwa siku chache, watu walipojaa akaacha kutoka, akihofia isije ikafaradhishwa juu yao. Baada yake watu wakawa wanasali huyu peke yake, wale kikundi kidogo, mpaka Sayyidna Omar, khalifa wa pili, alipowakusanya nyuma ya imamu mmoja, Ubayy bin Kaab. Hadithi zenyewe zinakwenda pande zote mbili: sala ya jamaa inaishinda ya mtu peke yake kwa daraja 27, na sala bora ya mtu ni ya nyumbani kwake isipokuwa faradhi. Zote mbili ni sahihi. Anayekunukulia moja tu, mwangalie vizuri anataka nini.

Ushauri wangu ni kwamba moyo na msikiti, kila kimoja ukidai kilicho chake. Msikiti hauwezi kukupa ikhlasi, ile nia safi kwa Mungu peke yake. Utakaa safu ya mbele mwaka mzima na moyo uko sokoni Darajani unapatana bei. Tena riya, kufanya ibada ili uonekane, hunawiri zaidi penye macho ya watu. Kwa hiyo jiwekee ibada moja asiyoijua mtu: rakaa mbili za usiku, sadaka kwa jirani, funga ya Alkhamisi. Usimwambie mumeo, na usiitie kwenye simu wenzako wakaiona. Iwe ndogo utakayoiweza hata siku una homa.

Lakini moyo nao hauoshi maiti.

Mama alipofariki sikumwita mtu. Kabla hatujamaliza kupiga simu kwa jamaa wa Pemba, ua ulikuwa umejaa wanawake, na kila mmoja alijua kazi yake: nani anakata sanda, nani anatwanga karafuu maiti, nani anafukiza udi, nani anakaa na mimi. Na nani waliokuja mbele? Wale wale wa darsa niliyoikimbia. Yule mkali wao wa kusengenya ndiye aliyekuwa mwoshaji, na alimwosha mama kwa upole ambao sijapata kuuona, akimsemesha kwa sauti ya chini kama mtu aliye macho. Nje, wanaume walikuwa tayari na jeneza. Hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa akihudhuria wapi.

Darsani kwao sikurudi, na sitarudi. Ila tangu siku ile sisemi tena kwamba watu wale hawana dini. Wanayo, ila imekaa mikononi zaidi kuliko ulimini. Siku hizi nakwenda kuosha pamoja nao.

Mirathi ni hadithi nyengine, na fupi: kwa Kadhi, kwa Kamisheni ya Wakfu, karatasi na foleni. Hakuna nuru yoyote humo, lakini bila ya humo sehemu ya dada mdogo ingeliwa.

Basi vijana wangu, kuhusu mwezi: wa nyumba moja fungeni pamoja na mfungue pamoja. Kuhusu msikiti unaowachosha: hameni. Mji Mkongwe peke yake una misikiti inayokaribia 50, hamuwezi kukosa imamu mmoja mwenye kusali vizuri na kunyamaza. Mimi nimepata darsa nyengine, Jumatano baada ya alasiri. Mwalimu wake akianza anafunga mlango, na ukichelewa utasubiri barazani na viatu.