Wimbo mpya usiutangaze

Usiku ule tulipiga nyimbo 6 mpya mfululizo. Albamu ilikuwa na wiki mbili tangu itoke, tulikuwa tumeihangaikia mwaka mzima, na hakuna aliyetia shaka kwamba watu wamekuja kuisikia. Kufika wimbo wa tatu, waliokuwa mbele ya jukwaa wakaanza kupiga soga. Wa tano, foleni ya chooni ilishaonekana. Mimi napiga besi, nasimama pembeni, kwa hiyo niliona yote: mabega yanalegea, simu zinatoka mfukoni, tena si za kurekodi, za kutazama saa.

Mpiga gitaa wetu alisema mashabiki hawana shukrani, nami nilikubaliana naye kwa miezi kadhaa. Siku hizi naona kosa lilikuwa letu.

Kusikiliza tu, mtu angebaki nyumbani. Kwenye onyesho anakuja kuimba. Wimbo wa zamani anao mdomoni tayari, anajua ngoma zinaingia wapi, anavuta pumzi kabla ya kiitikio sawasawa na mwimbaji. Ukimpigia mpya unamnyang'anya kazi hiyo. Mmoja atauvumilia, pengine ataufurahia. Sita ni adhabu.

Hata wakubwa yamewakuta. Oktoba 1971 Rick Nelson, nyota wa rock and roll tangu miaka ya 1950, alipanda jukwaa la Madison Square Garden, New York, katika onyesho la wasanii wa enzi zake. Alikuja na nywele ndefu na muziki wa mtindo mwingine. Zikasikika kelele za kuzomea, naye akaamini anazomewa yeye. Kisa hicho akakitungia wimbo, na mwaka 1972 ukaingia kumi bora za Marekani. Huwa najiuliza ni mara ngapi baada ya hapo aliombwa aupige huo huo!

Wapo wanaoweza. Katika ziara yao ya mwaka 2006, Iron Maiden, bendi ya metal ya Uingereza, walipiga albamu yao mpya yote, mwanzo hadi mwisho. Kama una mashabiki wa namna hiyo, huna haja ya ushauri wangu.

Sisi wengine tupange kwa akili. Bendi yetu hufungua na nyimbo 2 zinazojulikana, kisha mpya inaingia ya tatu, papo hapo, kabla makofi hayajaisha. Mwimbaji haruhusiwi kusema "huu ni mpya", maana kauli hiyo ni ruhusa ya kwenda chooni. Tunachagua ule ambao kiitikio chake mtu anaweza kukidaka mara ya pili tu akikisikia, na tunakirudia mara nyingi zaidi kuliko kwenye albamu. Mpya za taratibu zinasubiri hadi zizoeleke. Katika nyimbo 16, mpya hazizidi 4, na hazifuatani.

Za zamani nazo zina heshima yake. Kuna kipindi tuliuchoka wimbo wetu maarufu kuliko yote, tukaupunguza kasi na kuubadilishia mpangilio. Watu walijaribu kuimba wakajikwaa, wakanyamaza. Ilitia aibu. Wimbo ukikuchosha, upumzishe miezi mitatu, usiutesee jukwaani.

Lakini kuacha mpya kabisa sikushauri. Tuliwahi kufanya hivyo msimu mzima, baada ya ule usiku, kwa woga. Makofi yalikuwepo, ila kwenye mazoezi hakuna aliyewahi kufika kwa wakati, na mpiga ngoma alikuwa anapiga huku akiwaza mambo yake. Besi na ngoma ni ndugu. Mmoja akisinzia mwenzake anajua.

Katika zile 6 zilizotuaibisha, 4 hatuzipigi tena. Moja kati ya mbili zilizobaki sasa ndiyo tunayofungia, kwa sababu watu huianza kabla yetu. Mpiga ngoma ameshaanza kulalamika kwamba imemchosha.