SHA kwanza, bima binafsi ni nyongeza

Dada, umeuliza kama ukiwakatia wasusi wanne wa saluni yako bima ya afya ya kampuni binafsi utaepuka SHA, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya. Hapana, hakukuondolei SHA. Ni sheria: tangu Oktoba 2024 unakata asilimia 2.75 ya mshahara wote, isipungue shilingi 300, na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Anayelipwa 25,000 anakatwa 687.50. Mwajiri huongezi kitu juu yake, si kama NSSF (mfuko wa pensheni), ambako nawe unachangia. Wewe mwenyewe, kama hujilipi mshahara, SHA inakadiria uwezo wako wa kipato, kisha unalipa mchango wa mwaka mzima.

Sasa hiyo ya binafsi. Usibabaishwe na "milioni moja ya kulazwa" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Omba jedwali la viwango vya juu vya malipo vilivyofichwa ndani yake: uzazi, meno, macho, magonjwa sugu. Kwa saluni ya wasichana, uzazi ndio utakaoulizwa mapema, na bima nyingi zinataka mtu angoje miezi kadhaa kabla hazijaulipia. Uliza pia ni hospitali zipi za hapo Nakuru zinazopokea kadi yao, kisha pigia mbili tatu uhakikishe (mawakala huahidi sana).

Bajeti ikibana, nunua ya kulazwa pekee. Homa na kikohozi mtajilipia kliniki ya jirani. Upasuaji ndio unaotufungulia magrupu ya harambee WhatsApp. Na uliza kima cha chini cha kikundi: kuna kampuni zitakazokwambia watu watano ni wachache, uchukue bima ya mtu mmoja mmoja.